Mashoto wa Mkunya

Regina alikuwa akimwagia mpapai maji aliyooshea vyombo, maana Newala maji hayamwagwi ovyo, ngedere alipopiga hodi uani.

"Shikamoo, Mama Pendo."

"Marahaba. Karibu."

Ngedere huyo alikuwa na sikio moja lililochanika. Alitoka Mkunya, kwenye eneo la Esther.

Regina na Esther walifanya kazi kituo kimoja cha utafiti, wakiangalia ngedere huchuma mabibo kwa mkono upi. Regina, kwenye eneo lake la Makote, hakumwandika ngedere kabla ya kumjua kwa sura, kwa hiyo msimu mzima alipata wachache mno. Esther aliandika kila bibo lililochumwa kuwa la ngedere mwingine. Matokeo yake yakanona: ngedere wa Mkunya ni mashoto. Nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo ilikuwa moja tu, na ilishaanza kumnyemelea Esther. Regina alimwonea wivu mpaka chakula hakipiti. Alimwonea wivu hata kwa kitenge chake kipya, ambacho wala hakikumpendeza.

"Mashoto ni mimi peke yangu," ngedere alisema. "Wenzangu wamenifukuza. Wageni wanakuja kuwatazama wakila, kana kwamba hawakufunzwa adabu na mama zao."

"Hukumwambia Esther?"

"Kila asubuhi namwamkia. Anaitikia marahaba, halafu ananiuliza mimi ni mtoto wa nani."

Regina alifurahi, na haikuwa furaha nzuri. Kesho yake alimpakia ngedere kwenye bodaboda, wakaenda ofisini. Mkuu wa kituo, Daktari Muharami, alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamsogezea sahani ya mabibo.

"Karibu, mwanangu."

Ngedere alichukua bibo kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi.

"Unaona, Mama Pendo," Daktari alisema kwa upole. "Hata huyu."

Esther aliyekuwa mlangoni alichomoa kalamu. "Karibu sana," alimwambia ngedere. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Esther aliondoka kwenda ng'ambo kabla msimu wa mabibo haujaisha. Kituo kizima kilimsindikiza stendi ya mabasi. Regina ndiye aliyembebea begi, akamkumbatia na kumtakia safari njema, na roho inamuuma.

Ngedere hakuwa na pa kurudi, akahamia Makote. Asubuhi Regina alimkuta juu ya mkorosho wa kwanza, akichuma bibo kwa mkono wake uleule.

"Shikamoo, Mama Pendo."

"Marahaba," Regina alisema, akamwandika.

Alisogea hadi mkorosho wa pili. Ngedere naye alishahamia huko, kwani mabibo yake yalikuwa yameiva zaidi.

"Shikamoo, Mama Pendo."

Regina alilitazama lile sikio lililochanika. Akamuwaza Esther ndani ya ndege, na kile kitenge chake. Akachomoa kalamu.

"Marahaba," alisema. "Na wewe ni mtoto wa nani?"