Soda Kabla ya Maombi

...na huyu daktari naye anaongea polepole hivyo kana kwamba Dinah ni mtoto wa nasari, ati ubongo hauna ghala, mama, ubongo hula sukari inayoletwa na damu saa hiyo hiyo, na kwenye mishipa yake kuna milango midogo ya kuipitisha, na Daktari Chepkorir anachora duara nyuma ya karatasi ya maabara, anachora vijilango, na Walubengo kwenye kiti cha magurudumu anautazama mchoro kama anayetazama ukuta, mume wa miaka ishirini na sita, yeye ambaye pale Moi's Bridge alikuwa akitia mkono tu kwenye gunia la mahindi akakwambia kama yamekauka, leo asubuhi amemwita Dinah "madam", akamuuliza kama amekuja kuhesabu watu... madam! Na Nasike, dada yake Walubengo, akacheka, alicheka kweli, kisha akalia, ndivyo alivyo, tangu amlete mgonjwa nyumbani kwake hapa Kitale amemfanya mali yake, na wiki tatu sasa anawatangazia majirani kwamba kaka yake alilishwa kitu na wakwe. "Ati milango," Nasike anasema. "Daktari, si useme tu ukweli? Huyu walimpatia kitu huko Mabanga, bana. Alienda akitembea." Wakwe maana yake ni mama yangu, Dinah anawaza, mama yangu wa miaka sabini na tano anaitwa mchawi soko zima la Kanduyi, kanisani hawakai naye benchi moja, na mimi bintiye nimenyamaza, nimenyamaza kwa sababu... "Hakuna sumu, mama," daktari anasema. "Ni sukari ilishuka. Mzee alikaa na sukari juu miaka mingi, na kuna wataalamu wanasema, ingawa bado wanabishana, kwamba ikikaa juu hivyo ile milango inapungua, ubongo unazoea. Halafu tukamwongezea insulini. Sukari ikiteremka haraka, ubongo unashikwa na njaa mapema, na njaa ikikaa sana unaumia." Njaa, kumbe njaa, mtu aliyelalia magunia maisha yake yote, na siku ile kwetu Mabanga alikuwa amejidunga sindano alfajiri akitegemea chakula cha saa nne, sherehe ya Levi, mdogo wake Dinah, kuleta mchumba, lakini nani hula saa nne kwa wakwe, mkwe hukaa alipowekwa akangoja kuitwa, hata kiu haombi, na wazee wakahutubu, na pasta akasimama, saa saba ikapita... jasho lilikuwa linamtoka puani, alikuwa akimtafuta Dinah kwa macho ng'ambo ya hema, Dinah akajifanya hamwoni, shangazi zake walikuwa wamekaa pale wote na vitambaa vyao vipya... kisha akainuka mbele ya watu, akapepesuka, akachomoa soda kwenye kreti kabla ya maombi, mkwe mzima, akaanza kuifungua kwa meno. "Mama Sally," daktari anamwambia Dinah, kalamu juu ya karatasi, "kabla hajaanguka, aliomba kula ama kunywa kitu?" Nasike amegeuka. "Jibu, mulamwa, wifi yangu. Wewe ndio ulikuwa huko." Jibu lipo, Dinah amelifanyia mazoezi usiku na mchana, nilimnyang'anya chupa kwa sababu nyinyi madaktari mlisema soda ni sumu kwake, mlisema wenyewe, nimemtunza mimi, nimepima unga wake kwa kikombe, mnilaumu kwa kutii? Jibu zuri, lina miguu yote minne, na mbona halitoki... siku ile alivuka hema mbio, akaishika ile chupa, na Walubengo hakuiachilia, akasema chini chini, "Dinah, naona giza," alimwita kwa jina, ndiyo mara ya mwisho kumwita kwa jina, naye Dinah akambana vidole kimoja kimoja hadi vikaachia, akamnong'oneza, "Usiniaibishe kwetu," na baada ya hapo tu, baada ya kuona shangazi wanatazama, akainua sauti akicheka, "Sukari, Baba Sally! Daktari amekukataza!" na shangazi wakapiga makofi, angalia Dinah anavyomtunza mzee, na alipodondoka wakasema amekunywa pombe njiani, wakamlaza chumbani kwa Levi apumzishe ulevi wake hadi jioni, na Dinah hakubisha, Mungu wangu, hakubisha, mlevi ni aibu ya kwao, si ya kwangu, akaenda kupakua wali... kwa hiyo hakuichukua chupa kwa ajili ya sukari. Sukari hata haikumpitia akilini, neno lile lilikuja nyuma, kuwafurahisha watu, na wiki tatu amekaa akilivaa mpaka yeye mwenyewe akaliamini, huku mama yake akiitwa mchawi kwa chakula ambacho mkwe hakukionja hata punje. Na nikisema, Nasike hatanirudishia mume, atanifukuza hata mlangoni, Sally atasikia, watoto wote watasikia, na nisiposema nitamzika mama yangu na jina lile. Anamchukia Nasike, anamchukia daktari na vijilango vyake, anajichukia kuliko wote wawili. Kalamu bado iko juu ya karatasi. Walubengo anamtazama, anatabasamu kwa adabu, kama mtu atabasamuvyo kwa mgeni aliyekaa sana. "Mama?" daktari anauliza. "Aliomba?" Aliomba, Dinah anawaza, na mara hii neno linampanda kooni peke yake, bila mazoezi, aliniomba mimi.