Tambi Hazingoji Mtu

Fundi makochi alifunua sufuria, akachungulia, akaona supu tupu inachemka: nyanya, karoti, kitunguu na vipande viwili vya kuku vikipishana humo ndani.

"Mke wangu, hiki ni chakula au ni maji ya kuoga?"

"Chakula hicho hapo mezani," mkewe alijibu bila kugeuka. "Na hakiingii sufuriani mpaka wote mkae."

Mezani palikuwa na donge la unga wa ngano na mayai. Mke alilikanda alipotoka kazini, akalisukuma kwa chupa mpaka likawa shuka jembamba lililokaribia kufunika meza nzima. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na mikono yake haikupenda kuona kunyanzi popote.

Kwa miezi kadhaa nyumba hiyo ilikuwa ikila kwa zamu. Binti yao, aliyejifunza ufundi ubavuni mwa baba yake, aliacha karakana akaenda kuajiriwa kwenye duka la makochi ya kiwandani. Baba akayaita maboksi yaliyovalishwa nguo. Binti akajibu kwamba maboksi hayo angalau yananunuliwa. Tangu siku hiyo wakapeana visogo. Baba akila, binti yuko chumbani. Binti akitoka, baba amekwenda kuoga. Fundi hakuwahi kuwa msafi namna hiyo maishani mwake. Na mama kazi yake ikawa kufunika sahani.

Wiki iliyopita alipika tambi akamfunikia binti kama kawaida. Binti alipofunua, tambi zilikuwa zimefura, zimekunywa supu yote, zimeshikana kama gundi. Alikula zote. "Tamu, mama," alisema, kisha kwa sauti ya chini akaongeza kwamba Jumamosi anakwenda kuona chumba cha kupanga.

Chumba chenyewe hakikumtisha mama. Mtoto akikua huondoka. Alichoogopa ni binti kuondoka hivi, amenuna, maana ugomvi ukishahamia nyumba nyingine, nani ataufuata huko? Kesho yake kazini, akinyunyizia mashati maji, ndipo wazo lilipomjia. Shati likishaloa haliachwi, unalipiga pasi hapo hapo au unaanza upya. Tambi nazo ni hivyo hivyo. Aliamua kupika kitu kisichoweza kumngoja mtu.

Mlango ukafunguliwa, binti akaingia. "Shikamoo bibi. Shikamoo mama." Kisha akaugeukia ukuta. "Shikamoo."

"Marahaba," baba aliuambia mlango.

"Nifunikie, mama. Nitakula baadaye."

"Leo sifuniki. Ukienda chumbani sote tunalala njaa, na bibi yako pia."

"Mimi nimeingiaje?" Bibi, mama mzazi wa fundi, alishtuka kwenye kiti chake. "Mke mwenza, kaa chini nakuomba. Nimebakiwa na meno manne, usiyanyime kazi."

Binti akakaa upande mmoja wa meza, baba upande wa pili.

Mpiga pasi akatazama shuka lake la unga. Kingo zilikuwa zimeanza kukauka na kupasuka. Alikuwa amepanga yote isipokuwa hili: alilitandaza kubwa mno kwa mikono ya mtu mmoja. Akachukua kisu haraka, akakata. Utepe wa kwanza ukaenda upogo na kuchanika katikati.

Fundi hakuweza kuvumilia. Mambo mengine mtu huyavumilia, lakini si kitambaa kinachoharibiwa mbele ya macho yake.

"Lete," alisema, akachukua kisu. Aliweka kidole pembeni, akakadiria. Alipokata, shuka likakifuata kisu, likajikunja.

"Vuta," alisema, bila kumtazama mtu.

Mikono ya binti ilikuwa tayari kwenye ukingo wa pili.

"Nimevuta."

"Legeza kidogo. Hapo hapo."

Utepe ukatoka mnyoofu. Ukafuata mwingine. Mpiga pasi alibana midomo asije akasema neno akaharibu, akawa anazipokea tambi, anazikung'uta unga na kuzitumbukiza kwenye supu.

"Huko kwenu mnakata kwa mkasi gani?" baba aliuliza.

"Hatukati. Yanakuja yameshashonwa."

"Mikono itasahau."

"Hii imesahau?"

Baba akautazama utepe. Akakata mwingine.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Bibi alisema. "Vichwa vigumu wote wawili."

"Na aliyemzaa huyo nyoka, je?" mjukuu akauliza, na Bibi akacheka mpaka akashika meza.

Walikula wakipuliza, tambi zingali za moto. Ule utepe uliochanika uliangukia bakuli la Bibi, akasema haujapata kutokea mtamu kama huo.

"Kuna kochi la duara limenishinda," fundi alisema, akikwangua bakuli. "Linataka mikono minne. Jumamosi una nafasi?"

"Jumamosi naenda kuona chumba, baba."

Kijiko cha mama kikasimama hewani.

Fundi alitafuna, akameza, akanywa maji. "Uangalie mlango," alisema hatimaye. "Siku hizi wanaweka milango myembamba. Kochi halipiti."

"Sina kochi."

"Utakuwa nalo."

Mpiga pasi aliinuka kana kwamba anafuata chumvi, akawapa mgongo, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nyuma yake alisikia mabakuli yakisogezwa.

"Mgongo wa kochi lako uwe mrefu au mfupi?" baba aliuliza.

Alipogeuka, mumewe alikuwa akichora kwa kidole kwenye unga uliobaki mezani. Binti aliinama, akaufuta ule mstari wa mgongo, akauchora tena chini kidogo.