Nusu ya Daktari Sekela

Usiku wa kuamkia leo niliota tumekaa kikao cha kumgawana daktari.

Mimi ni diwani wa Itewe. Halmashauri yetu na ya jirani zetu wa Lusungo zina mganga mkuu mmoja, Daktari Sekela, na mpaka leo hatujakubaliana nani amlipe kiasi gani. Sisi tunasema anashinda kwao. Wao wanasema anashinda kwetu. Yeye mwenyewe anashinda barabarani, juu ya pikipiki. Juzi alituambia kwa upole kwamba tusipoelewana anahama.

Basi, katika ndoto, ukumbi umejaa. Mwenyekiti wa Lusungo, Mama Twilumba, anasimama na kurekebisha miwani.

"Hoja yetu ni nyepesi," anasema. "Kila upande ulipe kwa uzito wa daktari unaoutumia."

Ikaletwa mizani ya kliniki, ile ya kuning'iniza watoto. Ikamtazama daktari juu mpaka chini.

"Ana umri gani?" mizani ikauliza.

"Miaka arobaini na moja," akajibu daktari.

"Mimi napima walio chini ya mitano. Kadi yake iko wapi?"

Hakuwa na kadi. Mizani ikaomba radhi na kurudi kliniki kwa miguu.

Tukapiga kura: nusu kwa nusu. Daktari Sekela akasema sawa, akaanza kufungua vifungo vya koti lake jeupe. Alipomaliza cha mwisho, alikuwa wawili. Nusu ya kulia ikaja kukaa kwetu, ya kushoto ikaenda Lusungo. Zote zilikuwa nadhifu, na zote zilisalimia.

Tulifurahi sana, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaoandika dawa. Kisha diwani mmoja wa Lusungo akatega sikio kwenye nusu yao.

"Moyo uko huku," akatangaza.

Tukaomba kubadilishana. Mama Twilumba akakataa, akasema kura zimeshahesabiwa.

Hapo hapo tumbo likaanza kuninyonga. Nikaenda kwa nusu yetu.

"Linauma wapi?" ikaniuliza.

"Hapa, kwenye kitovu."

Nusu ikatazama chini. Ukumbi ulikuwa umeshakuwa shamba la chai, na mpaka wa halmashauri, mstari mweupe mwembamba, unapita kati ya michai, unanipanda mguuni na kunizunguka kiunoni.

"Kitovu chako kiko Lusungo," ikasema nusu. "Mimi nalipwa na Itewe. Magoti yakoje?"

"Mazima."

"Pole. Hayo ningeyatibu."

Nikasogea kulia, na mpaka nao ukanifuata. Nikaona niuombe.

"Samahani, unaweza kuinuka kidogo?"

"Nimelala hapa tangu nilipochorwa," mpaka ukajibu. "Hajatokea mtu wa kuniambia niinuke."

Ukainuka, ukajinyoosha mgongo, ukaenda pembeni kuomba chai yenye sukari nyingi.

Ulipoondoka tukabaki tunatazamana, hatujui tena nani wa wapi. Mama Twilumba akanijia ameshika tumbo.

"Na mimi linaniuma," akasema. "Nusu yetu imenihurumia mno, hadi imelia. Lakini kuandika dawa haiwezi."

"Tugawane mshahara wake, mwenyekiti. Mtu tumwache mzima."

Akafikiri kidogo. "Naunga mkono."

Tukazisogeza zile nusu pamoja, tukaanza kufunga koti, yeye kutoka juu, mimi kutoka chini. Vidole vyetu vilipokutana kwenye kifungo cha katikati, Daktari Sekela akavuta pumzi ndefu, mzima kabisa.

"Ahsanteni," akasema. "Sasa kunjeni mikono ya mashati. Wa kushoto."

Akatuchoma sindano mmoja baada ya mwingine, akatubandika pamba. Pikipiki yake ikakohoa na kumwambia wanachelewa zahanati. Wakaondoka.

Nikaamshwa na mke wangu. Kulishapambazuka, naye alikuwa ameinama ananitazama begani.

"Baba Lusajo, nani amekuchoma sindano?"

Nikageuza shingo. Pamba ilikuwepo, imebandikwa vizuri kwa plasta.

Hapo simu ikaita. Alikuwa Mama Twilumba, ambaye tangu tufahamiane hajawahi kunipigia.

"Mheshimiwa, samahani kwa kukuamsha," akasema. "Mkono wako wa kushoto ukoje?"

"Unauma kidogo, mwenyekiti."

Nikamsikia akijisugua mkono.

"Na tumbo?"

"Limepona."

"Langu pia. Basi tukutane kikaoni. Ile hoja ya mshahara nitaileta mimi, wewe uniunge mkono."

"Mkono upi?"

"Wa kulia," akasema Mama Twilumba. "Wa kushoto tuupumzishe."