Kidumu Kitupu

Tangu alfajiri mume na mkewe walikata nyika kavu kwa gari lao, hata mbuzi hawaonekani. Jua la utosi likawakuta wakimpita mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, kasimama kando ya gari bovu, akiwapungia kidumu kitupu.

“Simama, baba watoto! Maji tunayo tele,” mke alisihi.

Mumewe, dereva wa lori miaka ishirini, akakanyaga mafuta. “Mtego huo. Majambazi hutanguliza mwanamke.”

Jioni wakafika kambini walikopanga kulala. Mzee mlinzi akawafungulia geti, lakini macho yake yalibaki barabarani.

“Namngoja binti yangu na mjukuu. Barabara ni hiyo hiyo moja. Hamkuwaona?”

“Hatukuona mtu,” mume akajibu upesi.

Mzee akamgeukia mke. Mke akafungua mdomo, akainua chupa, akanywa maji.