Bahasha Kumi za Mwalimu Nedyalka

Daktari wa macho mjini Plovdiv hakuzungusha maneno. "Utando wa ndani ya jicho lako unabanduka, mama. Upasuaji ni Alhamisi. Baada ya hapo wiki mbili unalala kifudifudi, na husomi hata jina lako."

Nedyalka Karadzhova hakuuliza habari za jicho. Aliuliza nani atakaa na darasa lake la kwanza. Watoto tisa, na mwezi wenyewe ni Aprili, wakati ambao kusoma ndiyo kwanza kunashika.

Katika kijiji chao cha milimani mwalimu wa kushikilia nafasi hapatikani hivi hivi. Mkuu wa shule alipiga simu kila mahali, mwisho akampata Evlogi, mzee wa miaka sitini na tisa, aliyefundisha mazoezi ya viungo mjini maisha yake yote kisha akarudi nyumbani kulima viazi. Jumapili mchana Evlogi aliingia jikoni kwa Nedyalka, kofia mkononi, akaikuta meza imejaa bahasha, kadi, mkasi na gundi.

"Dada Nedyalka, nikwambie ukweli. Mimi nimefundisha watoto kupiga sarakasi. Kusoma sijui hata kunaanzia wapi."

"Kwani wewe hukujifunza?"

"Nilijifunza, lakini sikumbuki. Jana sikujua, leo nikajua. Basi."

"Kaa, kaka, unywe kahawa. Nimekuandikia kila kitu, hata pa kuvuta pumzi."

Evlogi aliisogeza karatasi mbali na uso, akaitazama kupitia miwani, akacheka. "Mtu mzima unamwandikia herufi kubwa hivi, kama mtoto!"

"Miaka thelathini na nne ya ubao. Mkono huu hauna mwandiko mwingine."

Bahasha zilikuwa kumi, moja kwa kila siku ya shule. Ya kwanza ilikuwa na silabi za kuunganisha. Ya pili ilikwenda na mfuko wa kitambaa: mtoto atie mkono, atoe kijiko au kifungo au koni ya msonobari, aseme kinaanza kwa sauti gani, kisha atafute kadi yake. Nyingine ilikuwa na sentensi zilizokatwa neno neno ili watoto wazipange upya. Na katika kila bahasha, mwisho wa maelezo, Nedyalka alikuwa ameandika mistari ileile: "Bistra bado hasomi. Usimlazimishe mbele ya wenzake. Mpe kadi azishike."

"Huyu Bistra ana nini?" aliuliza Evlogi.

"Hana kitu. Anazijua herufi zote thelathini, anazitaja moja moja kama mtu anayeita mahudhurio. Lakini zikikaa pamoja, neno halitoki."

"Na kwa wengine linatokaje? Mtoto anasema m, anasema a. Halafu?"

Nedyalka alichukua kalamu amwandikie jibu. Kalamu ikabaki hewani. Alikuwa amewaona watoto zaidi ya mia tatu wakivuka pale. Sasa hivi palikuwa na vijistari vyeusi juu ya karatasi, punde si punde palikuwa na mama mzima, ana sauti na harufu ya mkate. Katikati yake hakuwahi kuona kitu. Mwili ulimsisimka, pale pale mezani, mchana kweupe, kwamba jambo kubwa hivyo lilikuwa limepita mbele ya macho yake miaka yote na yeye hakujua lilipitia wapi.

Mwishowe aliandika maneno mawili tu: "Hapa subiri."

Jumanne ya wiki ya pili, baada ya upasuaji, alikuwa hospitali, kifudifudi, paji la uso kwenye mto wenye tundu. Jicho moja lilikuwa limefungwa, la pili liliona sakafu tu. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja aitwaye Slavka, alimwekea simu sikioni.

"Dada, nina kosa la kukiri," alisema Evlogi. "Nimeikalia miwani yangu. Siku ya kwanza, hata bahasha sijafungua. Krak! Mpya inakuja wiki ijayo."

"Sasa maelezo yangu unasomaje?"

"Sisomi. Wanasoma wao."

"Wao nani?"

"Watoto! Niliwaambia, jamani, babu haoni, nisomeeni mwalimu anasema tufanye nini. Wakajazana mezani kama nzi kwenye jamu. Huyu anasoma, yule anamsahihisha, yule anamwambia mwenzake toa kichwa. Wamejua ni barua ya watu wazima, basi hapo huwatoi."

Nedyalka alikumbuka mistari ya mwisho. "Kaka Evlogi. Na ile ya Bistra?"

"Ile walikuwa wakiiruka, maskini, wanaangaliana. Jana wenzake wanavaa viatu watoke nje, yeye kabaki na karatasi. Kidole kinatembea. *Bi-stra. Ba-do. Ha-so-mi.* Kisha akanigeukia: 'Babu, mbona mwalimu ameandika uongo?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ilikuwa kweli mpaka Ijumaa. Akaomba penseli, akakata 'bado hasomi', akaandika 'nasoma'. Herufi moja imetazama nyuma. Nilisimama hatua mbili tu kutoka kwake, dada, nywele zimenisimama, na siwezi kukwambia nimeona nini."

Machozi ya Nedyalka yalianguka moja kwa moja sakafuni. "Wewe, jicho hilo!" alifoka Slavka.

"Mpe Bistra simu, kaka," alisema Nedyalka.

Sauti ndogo ikaja, inahema. "Mwalimu, nikusomee? *Su-pu ya ma-ha-ra-ge. Mka-te. M-ti-ndi.* Imekwisha. Ni chakula cha leo tu."

"Soma kingine."

Bistra akaondoka na simu. Alisoma mlango: *su-ku-ma*. Alisoma ndoo ya mfagizi, alisoma boksi la chaki. Nyuma yake Evlogi aliita, "Mtoto, hiyo simu yangu unaipeleka wapi?" Hatua zikatokea uani, upepo ukaingia kwenye simu. Nedyalka alifuata kwa sikio, pumzi ameibana, kila kitu kikiitwa jina mbele yake kama siku ya kwanza ya dunia.

Kisha hatua zikasimama.

"Mwalimu. Hapa kwenye lango pana ile karatasi ya kumkumbuka marehemu, yenye picha ya babu yangu. Mimi huipita kila siku. Kumbe chini wameandika."

"Wameandikaje?"

"*Mi-a-ka mi-ta-tu bi-la Ta-sko. Mu-me. Ba-ba. Ba-bu.*" "Hilo neno 'babu' waliloandika... ni babu wa kwangu mimi?"

"Wa kwako wewe."

Slavka alikuwa ameinama, sikio karibu na simu.

"Basi ngoja nimsome tena," alisema Bistra, akaanza upya, polepole, kuanzia juu.