Malaria ya Jumatatu

Driciru alikuwa ameshaweka kidole mara tatu, na mashine ilikuwa bado inakataa kumjua.

"Futa jasho, madam," alisema askari wa mlangoni.

"Si jasho. Ni chaki."

"Basi futa chaki."

"Hii haifutiki. Imekula ngozi."

Askari alimtazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kudanganywa na walimu wengi. Mara ya nne mashine ikalia pii, ikaandika jina lake kwa taa ya kijani, na askari akaonekana kusikitika kidogo.

Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu ni siku ya kidole. Chuo kinajiita cha masomo ya mbali, na hapo hakijamdanganya mtu: umbali upo, ila anayeusafiri ni mwanafunzi. Kila Jumatatu tangu mwaka uanze, Driciru anatoka Kuluba giza halijapasuka, anapanda boda hadi Koboko mjini, anabanana kwenye gari hadi Arua, kisha anatembea mpaka Awindiri kwenye kituo cha chuo, ili aketi ukumbini na kumtazama mhadhiri wa Kampala kwenye skrini. Mtandao ukikwama, mhadhiri anaganda mdomo wazi kama mtu aliyeulizwa habari za mshahara. Wanafunzi, ambao wote ni walimu, wanaandika hata hivyo.

Lakini ukikosa kidole, hufanyi mtihani. Bila mtihani hakuna digrii. Na bila digrii, hedmasta wake, mzee Alionzi, alishamwambia kwa upole unaotia shaka: "Madam, serikali sasa inataka digrii. Cheti chako ni kizuri, lakini kinazeeka. Wewe nenda tu hizo Jumatatu. Watoto wa darasa la nne nitawaangalia mimi."

Askari akafungua mkoba wa Driciru, akatoa bunda la karatasi.

"Hizi?"

"Utafiti wangu."

"Wako mwenyewe?"

Juu ya kichwa chake kulikuwa na tangazo: KUNAKILI KAZI YA MWENZAKO NI WIZI. Tangazo lenyewe lilikuwa fotokopi, tena limepinda.

Leo hakukuwa na skrini. Leo msimamizi wa utafiti, Dokta Acidri, alikuwa amekuja kwa miguu yake kusaini kazi. Ni siku moja tu. Asiyesainiwa anarudia mwaka mzima, na karo ya mwaka mzima, na karo nayo imepanda kama sukari. Kwa miaka miwili Driciru alimjua Dokta kama sauti ndani ya simu: "Rekebisha sura ya pili." "Sura ya pili bado." Alikuwa amemfikiria mtu mrefu.

Kwenye benchi la kusubiri alikaa karibu na Candia, mwalimu wa kule Ombaci, ambaye kazi yake ilikuwa imefungwa kwa jalada la plastiki linalong'aa.

"Madam wa Kuluba," Candia alisema. "Ulifanya kweli? Ulitembea nyumba kwa nyumba?"

"Sasa wewe ulifanyaje?"

"Mimi nilitembea pia." Akaonyesha kwa kidevu nje ya geti, kwenye kibanda cha fotokopi. "Mpaka pale."

Driciru akasogeza mkoba wake upande wa pili, kana kwamba uvivu unaambukiza.

Yeye alikuwa ametembea kweli. Rejista ya darasa lake ilionyesha jambo la ajabu: Jumanne mpaka Ijumaa watoto wanajaa hadi wengine wanakaa chini, lakini Jumatatu nusu hawapo. Rejista ya Jumatatu hujazwa na hedmasta, kwa kuwa Driciru mwenyewe yuko Arua. Alipomuuliza, mzee alisema, "Soko. Hawa akina mama wanapeleka watoto kubeba mizigo." Driciru aliamini, maana na yeye alikuwa anawashuku akina mama hao. Basi akachukua hiyo kuwa mada: kwa nini watoto wa darasa la nne wanakosa shule siku ya Jumatatu.

Siku za kwanza alifungiwa milango. Watu wa Kuluba, wenyeji na wale waliovuka kutoka Sudan Kusini, wameshaulizwa maswali na kila mwenye koti la rangi la shirika. Wanajua karatasi ikipita, nyuma yake kuna kitu kinapunguzwa: posho, au jina, au mtu. "Hii karatasi ni ya nani?" walimuuliza. "Ya chuo," alijibu. "Mbona iko na muhuri?" Muhuri ulikuwepo kwa sababu chuo pia hakimwamini mtu.

Kisha, wiki moja baadaye, milango yote ikafunguka kwa pamoja. Alipewa kiti. Alipewa karanga. Na kila mzazi, bila kusita, alimjibu neno moja.

"Malaria," alisema Dokta Acidri ofisini, mfupi kuliko sauti yake, akifunua karatasi ya kwanza. Akafunua ya pili. "Malaria." Ya tatu. "Malaria. Madam, hii mbu ya Kuluba ina ratiba? Inauma Jumapili ili mtoto augue Jumatatu, Jumanne apone?"

"Hata mimi nilishangaa, Dokta."

"Ulishangaa." Aliinua kitambulisho cha Driciru kando ya uso wa mwenyewe, akalinganisha pua. "Nitakuambia nilichokiona mimi. Mtu alikaa chini ya taa, akachoka kufikiri, akaandika jibu moja mara nyingi. Angalau wenzako wanaiba kwa bidii."

"Niliwauliza mimi mwenyewe. Namba za simu ziko hapo."

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza, lakini alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Dokta akachagua karatasi moja katikati ya bunda, kama mtu anayechagua karata, akapiga simu, akaiweka mezani kwa sauti ya juu ili wote wawili wasikie.

Ilikuwa namba ya Mama Poni, mkimbizi anayekaa kando ya shule.

"Halo." Nyuma yake jogoo aliwika.

"Mimi napiga kutoka ofisi, Arua. Wewe ni mzazi wa Poni, darasa la nne?"

Alisikika akimfukuza jogoo.

"Ofisi gani?"

"Ofisi tu, mama. Unamjua mwalimu Driciru?"

"Mwalimu Driciru mimi najua. Mwalimu muzuri sana."

Driciru akavuta pumzi.

"Alikuja kwako na karatasi, akakuuliza maswali?"

"Karatasi? Hapana. Yeye hapana tembea-tembea kwa nyumba ya watu. Yeye iko shule tu, nafundisha."

"Mama Poni, ni mimi..." Driciru alianza, lakini Dokta aliinua mkono.

"Kila siku yuko shuleni?"

"Kila siku. Jumatatu pia iko. Hata sasa mimi nasimama hapa, namuona kwa dirisha. Iko na chaki."

Dokta Acidri alimtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, juu ya kiti cha ofisi, bila dirisha la darasa na bila kipande cha chaki. Akakata simu taratibu.

"Basi wewe uko sehemu mbili," alisema. "Hongera."

"Dokta, yule mama ananidanganyia..."

"Anakudanganyia au mlipanga? Hata sitaki kujua." Akarudisha karatasi kwenye mkoba wa Driciru, kwa mikono yake mwenyewe, kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza sokoni. "Sitakuripoti. Mimi pia niliwahi kuwa mwalimu wa kijijini. Nitakuwa hapa mpaka saa kumi na moja. Niletee data yenye sura za watu mbalimbali. Wengi hapo nje wanasaidiwa kupanga."

Hakusema wapi hapo nje. Hakuhitaji.

Kibandani, kijana mnene mwenye kofia ya kufuma aliinua macho kutoka kwenye mashine ya fotokopi. Huyu ndiye Nasuru, mwenye kibanda.

"Madam Driciru, si ndiyo? Karibu. Ya malaria."

Driciru hakuwa amemwambia jina, wala ugonjwa. Alitazama nyuma, kwenye dirisha la ofisi. Pazia lilikuwa limefungwa.

"Nani amekuambia?"

"Arua ni mji mdogo." Nasuru akachukua bunda, akalipitia haraka akilamba kidole. Akacheka polepole, kwa heshima. "Hii si utafiti, dada yangu. Hii ni kwaya. Wote sauti moja."

"Ni majibu yao ya kweli."

"Kweli ndiyo inakuletea shida. Angalia." Akatoa karatasi mpya na kalamu za rangi nyingi. "Mimi nitakuwekea soko, kiasi. Mvua kidogo. Huyu mtoto hana yunifomu. Huyu, bibi yake amekufa."

"Usiue mabibi wengi."

"Wawili tu. Dokta hapendi zaidi ya wawili."

Alisema hivyo bila kufikiri, kisha akakohoa, akaanza kuongea juu ya bei ya wino.

Driciru alisimama. Aliwaza kuondoka. Aliwaza pia mwaka mwingine wa boda na gari, na uso wa mzee Alionzi akisema pole kwa upole wake ule. Benchi la kibanda lilikuwa limejaa walimu walioinama, kila mmoja anaandika kwa mkono usio wake: mwingine kwa kushoto, mwingine kwa herufi za kitoto, mwingine anakosea makusudi. Watu ambao kesho watamchapa mtoto akichungulia daftari la jirani. Mmoja akasogea bila kuinua kichwa, ili kumpa nafasi.

Akaketi. Akachukua kalamu ya kijani. Akawa mama mwenye mgonjwa, akawa baba mlevi, akawa mjomba asiyependa shule. Kilichomuumiza ni kwamba alikuwa hodari.

Kabla ya saa kumi na moja Dokta Acidri alifunua karatasi mpya na uso wake ukalainika.

"Unaona sasa. Hii ndiyo sauti ya jamii. Huyu mjomba, nimemsikia kabisa." Akasaini. "Ungeanza na hii, tusingesumbuana."

Hakuuliza jinsi sauti ya jamii ilivyosafiri kutoka Kuluba katika mchana mmoja.

Driciru alikuwa amefika kwenye stendi ya magari ya Koboko simu ilipolia mara moja. Ujumbe wa kituo, kwa wanafunzi wote: *Jumatatu ijayo kidole ni lazima, hakuna udhuru, hakuna mtihani kwa atakayekosa. Mada: Mbinu za mwalimu kupunguza utoro wa wanafunzi.*

Alikuwa bado anausoma ilipolia tena. Mama Poni, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha.

"Mwalimu. Walikuachia?"

"Nani?"

"Ile watu ya ofisi. Mimi nilisikia sauti yako ndani ya simu, nikasema leo wamemushika. Mimi nikakaza. Ulisikia vile nilikaza?"

"Nilisikia, mama."

"Nikawaambia uko na chaki."

"Nilisikia hiyo pia." Driciru alikaa juu ya jiwe kando ya stendi. Utingo aliita Koboko, Koboko, akamwacha. "Wameniachia. Mama Poni, niambie. Sasa hakuna karatasi. Malaria ilitoka wapi?"

Mama alicheka kidogo, kwa aibu.

"Tulikaa, sisi wazazi. Tukasema, tukiandika njaa, hakuna mutu analeta chakula. Tukiandika soko, watakuja kutufunga. Ya malaria, mwaka ule tulipata neti ya mbu."

"Lakini si malaria."

"Si malaria."

"Basi ni nini? Jumatatu kuna nini?"

Driciru akatazama simu, kuona kama imekatika.

"Mwalimu, usikasirike," Mama Poni alisema. "Jumatatu, wewe hapana iko."

Gari moja lilijaa likaondoka.

"Hedmasta anasema atawaangalia."

"Anaangalia. Anapeleka darasa yako kwa shamba yake ya muhogo, nalima mpaka jua nawaka. Poni alirudi mikono imepasuka. Mimi nikamwambia, Jumatatu kaa nyumbani, ngoja mwalimu. Mama wengine wakaona, wakafanya hivyo hivyo."

"Mbona hamkuniambia? Nilikuja mpaka kwenu. Nilikula karanga zenu."

"Na karatasi iko na muhuri? Tuandike mwalimu hapana kuja shule? Tukasema hii inatafutwa mwalimu wa kufukuza, na wewe hapana jua, umebebeshwa tu. Tukapatana malaria. Malaria haifukuzi mutu."

Kwenye mkoba Driciru alikuwa na kazi iliyosainiwa, na chini yake malaria zote, zimekunjwa vizuri. Kidole chake kilikuwa na wino wa kijani juu ya chaki. Alikisugua kwenye sketi. Wino ulitoka, chaki ilibaki.

"Mwalimu? Uko?"

"Niko. Mwambie Poni aje shule Jumatatu. Na wewe waambie wengine."

"Jumatatu ipi?"

"Hii inayokuja."

"Na wewe utakuwa iko?" Sauti ya mama ilikuwa na mashaka, na alikuwa na haki nayo. "Kweli-kweli, si ya kusema kwa simu?"

"Nitakuwa."

"Na chaki?"

"Na chaki."