Namba Tano wa Mamba

Tarehe tisa mwezi wa nane, Jumamosi, saa kumi na moja na robo jioni, hivyo ndivyo walivyoandika hospitali, lakini hiyo ni saa ya daktari kumshika mkono na kuuachia, si saa ya mwanangu kuondoka, saa ya mwanangu kuondoka haijulikani, aliondoka akiwa amekaa kitini kwenye ukumbi uliojaa watu wanaopiga kelele, na aliyekaa ubavuni pake alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, na hata yeye hajui ni saa ngapi, alikuwa anaongea... na sasa anaongea tena, namsikia, yuko sebuleni kwangu, mimi niko nyuma ya mlango wa jikoni na sinia mikononi, vikombe viwili vya chai, maziwa yameanza kufanya utando juu, na mguu wangu hautaki kuvuka kizingiti. Mlango huu nausukuma kwa goti siku zote. Leo siusukumi. Ameniletea fundi wa friji, sikumwomba, friji langu linanguruma tu pale sebuleni kama mzee aliyelala mchana, halina ubaya, lakini mtu akinyimwa mlango hutafuta dirisha, na Kinanda ndivyo alivyo, tulimwita Kinanda tangu mdogo kwa sababu ukimgusa tu anatoa sauti, na kaka yake tukamwita Ngongoti kwa urefu, kijana aliyekuja kupaka rangi dari za watu bila kupanda ngazi, Ngongoti wangu, mtu wa maneno machache, Mungu ampumzishe... Jumamosi iliyopita Kinanda alisimama hapo mlangoni akasema shikamoo mama, nikanyamaza, akasema, mama, tangu tumemzika kaka hujaniitikia hata mara moja, nitakuja Jumamosi moja tena, ukininyamazia na hiyo nitajua siku ile nilizika wawili, sitakusumbua tena. Basi leo ndiyo hiyo Jumamosi. Wameingia pamoja, wametoa shikamoo kwa pamoja, na mimi nikasema marahaba baba nikimtazama fundi, fundi peke yake, na Kinanda akabaki amesimama, hajui kama na yeye yumo ndani ya marahaba ile au hayumo. Hayumo. Nilihakikisha hayumo.

Fundi ameinama nyuma ya friji, sauti yake inatokea chini, anasema, kaka, leo fainali, hawa Mamba wenu tunawanyoa bila maji, na mimi nasubiri Kinanda amwambie kwamba Mamba si wake, maana huyu tangu utoto ni wa Kunguru, timu ile ile ya fundi, jezi nyeusi, kofia nyeusi, hata soksi nyeusi, Mamba walikuwa wa kaka yake... hamwambii. Anasema, haya, tuwapime. Tuwapime! Watoto wangu wamekulia kwenye neno hilo. Mimi nashona mapazia ya watu kwenye cherehani, wao wamelala chali sakafuni, wanazipima zile timu mbili kubwa za mpira wa kikapu kama muuza duka anavyopima sukari, huyu huku, yule kule, namba moja kwa namba moja, namba mbili kwa namba mbili, mpaka tano, na mimi niliyeishia darasa la saba nikazijua zote bila kukanyaga uwanjani, namba moja ndiye anayepandisha mpira na kuwapanga wenzake, namba mbili mpigaji wa mbali, namba tatu mtu wa kila kazi, namba nne mwenye kifua, namba tano yule mrefu anayesimama chini ya kikapu na kula viwiko vya watu. Siku moja wakabishana mimi ni namba ngapi humu ndani, Ngongoti akafikiri, akafikiri, Kinanda akamwahi, mama hachezi, mama ni refa, akipuliza amepuliza, ukilalamika anakuongezea. Tulicheka. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole...

Namba moja, anasema fundi, wa kwenu anapandisha mpira kama anasukuma mkokoteni wa mchanga. Mkokoteni unafika, anasema Kinanda, wa kwenu anakimbia kama kuku aliyechinjwa, mbio nyingi, hajui anakokwenda. Fundi anacheka, kitu cha chuma kimemwanguka sakafuni. Mkokoteni unafika... hilo ni neno la Ngongoti. Nalijua. Alilisema pale mezani, polepole, akitafuna, na Kinanda akalifanyia mzaha mwezi mzima, akimwona kaka yake anatembea anamwambia, fika basi mkokoteni, chakula kinapoa. Na leo limo mdomoni mwake kana kwamba amezaliwa nalo. Namba mbili, anasema fundi. Hapo nakubali, anasema Kinanda, hapo mko juu yetu, yule wenu akirusha hata nyavu zinajiandaa. Nakubali? Kinanda hajawahi kukubali kitu, huyu hata akikaa juu ya maji atakwambia kiti ni kikavu. Aliyekuwa akikubali ni mwingine, anakukubalia moja, unalegea, anakupiga mbili... unaiba, nataka kusukuma mlango nimwambie, wewe mtoto unaiba, hukutosheka na uliyoyafanya, sasa unachukua na maneno ya marehemu unamchekeshea fundi wa friji.

Maana siku ile... Mungu wangu, siku ile. Alinisimulia Kinanda mwenyewe, amepiga magoti kwenye zulia, waombolezaji wametoka nje kidogo kupunga hewa. Ilikuwa robo ya tatu, mama, namba tano wa Mamba, yule mkongwe wa magoti ya bandeji ambaye kaka alikuwa akimpenda, alianguka wakamtoa, na kaka akakunja mikono, kidevu kikaenda kifuani, kofia ikamshukia machoni, nikajua amenuna. Nikamwambia, nuna tu, nafasi moja mliyokuwa mnatuzidi ndiyo hiyo inachechemea kwenda benchi, sasa tumewamaliza zote tano. Hakujibu. Nikamwambia, lia basi. Nikageuka nikawaambia waliokuwa nyuma yetu, mwacheni huyu, anamwomboleza namba tano wake. Wakacheka, mama. Wakacheka... Hapo aliposema wakacheka niliinuka nikamwacha pale kwenye zulia, na tangu hapo kinywa changu kwake kimefungwa. Alikaa robo nzima ya nne akimtania maiti. Nalisema neno hilo kichwani, maiti, nalirudia nikifagia, nalirudia nikitia uzi kwenye sindano, na jioni ninaposali, nikifika pale pa kuomba tusamehewe kama na sisi tunavyosamehe, nakohoa, nakohoa mpaka mahali pale papite, kana kwamba Mungu hajui kikohozi cha uongo.

Namba tatu wametoka sare, nimesikia nusu tu, friji limenguruma juu ya maneno yao. Namba nne, fundi anasema, wa kwetu ana kifua kama mlango wa benki. Kifua anacho, anasema Kinanda, lakini mpira unamponyoka kama sabuni, na mlango usioshika kitasa ni wa nini? Lo, anasema fundi, kaka, wewe hatari, unaongea kama unalipwa na Mamba. Ukingo wa sinia unanikata vidole, chai imepoa, nikiingia nitampa fundi kikombe, na cha pili nitakiweka mezani bila kusema ni cha nani, ndivyo nilivyopanga, kisha nitarudi huku jikoni, na yeye atavaa viatu vyake taratibu, ataenda, na Jumamosi ijayo itakuwa Jumamosi tu. Refa amepuliza. Haya, namba tano, anasema fundi, hapo hata usifungue mdomo, kaka, lile zee lenu bado mnalichezesha? Limefungwa bandeji kama mtoto aliyeanguka na baiskeli! Na mimi najua jibu. Jibu la namba tano lilikuwa moja miaka yote, Ngongoti alilitoa kila Kinanda alipomtukania mkongwe wake, anasema, usimhesabu kwa anachofunga, watazame wenzake wanavyopumua akiwepo. Nalisubiri. Nikilisikia kinywani mwa Kinanda nitapasuka, na bado nalisubiri, midomo yangu inalitangulia... haliji. Kinanda amenyamaza. Kwenye upenyo wa mlango naona kisogo chake na bega moja, amejibana upande mmoja wa kochi, upande wa pili ameuacha wazi, mtu mzima na ndevu zake amejikunja kwenye kona kana kwamba kuna mwenzake anakuja kukaa. Fundi anasema, mbona kimya? Anasema tena, ee, umenuna? Anacheka, anagonga friji kwa bisibisi, jibu bwana, namba tano!

Mwache. Atasema mwenyewe.

Nani amesema? Sikusema kwa sauti, ulimi ulishainuka nikauzuia, lakini neno lilikuja lenyewe, lilivyokuwa likija miaka yote kutoka kwenye cherehani, bila kuinua macho, mwache, atasema mwenyewe. Ni sheria yangu hiyo. Mwalimu wa darasa la pili alisema Ngongoti ni mzito, ukimwuliza anaganda, na mimi nikarudi nyumbani nikamweka Kinanda mbele yangu nikamwambia, sikiliza, kaka yako akinyamaza usimguse, usimtikise, usimwulize mara mbili, mwache, atasema mwenyewe, na wageni wakija wakimsumbua waambie wamwache. Siku moja alimtikisa bega nikamfinya sikio mpaka akalia, hakumtikisa tena maishani. Kumtania aliruhusiwa. Utani sikuukataza, ndio mlango pekee niliomwachia wa kubisha hodi kwa kaka yake, basi akawa anabisha kwa utani na kusubiri, anabisha na kusubiri... Mwacheni huyu. Ndivyo alivyowaambia wale wa nyuma. Mimi nilisikia kicheko tu, miezi yote hii nimesikia kicheko, neno la kwanza sikulisikia. Mwacheni. Aliwakataza wageni wasimguse kaka yake, kama alivyofundishwa. Na hayo nisingeyajua, nani angeniambia, wale wa nyuma siwajui hata kwa sura, angeweza kuniletea robo ya nne iliyofagiliwa, aseme tu, mama, tulikuwa tunaangalia mpira. Aliniletea yote na kicheko chake. Na daktari alisema, nilimsikia, sikutaka kumsikia, moyo ule ulisimama mara moja, hata angetikiswa, hata angebebwa mbio... Kwa hiyo lile neno nililokuwa nalirudia, maiti, sijui. Sijui kama nililishika sawa. Maana kama Ngongoti bado alikuwa anasikia, Bwana, tuseme alikuwa anasikia kidogo, basi cha mwisho alichosikia si king'ora wala kilio cha mtu, ni ile sauti aliyolala nayo chumba kimoja tangu utoto, inamwambia nuna tu. Hakuwa peke yake. Wako watu wamekufa na mikono imeshikwa na bado wakafa peke yao, mwanangu alikufa anataniwa na ndugu yake.

Fundi bado anasubiri jibu. Kinanda ni kisogo kile kile, bega lile lile. Sinia liko mikononi, utando wa maziwa umekuwa mzito, na goti langu liko kwenye mlango, sijasukuma, bado. Bwana, nipe sauti nimjibu huyu uliyeniachia, sauti ya kawaida tu, isiyotetemeka mbele ya fundi. Na yule uliyemchukua namwombea leo bila kukohoa, Ngongoti wangu, mzaliwa wangu wa kwanza, umwoshe rangi iliyomkauka kwenye kucha, umsamehe kila aliloliweka moyoni asiliseme, umpe mahali penye dari ya juu, maana duniani aliinama kwenye kila mlango, na akikawia kukujibu, Bwana, usimhesabie, huwa anafikiri kwanza. Amina.